SOMO LA UDONGO: Ardhi Iliyokuwa ya Biashara Ipimwe Kabla ya Kulimwa

Somo la mwezi huu lahusu ardhi iliyofanya kazi nyingine kabla ya kuwa shamba. Ploti nyingine katika skimu zetu hukatwa mahali palipokuwa na josho la ng'ombe, ghala la dawa, gereji ya matrekta, au kiwanda kilichofungwa. Mpimaji huweka vigingi vyake, nawe hupewa nambari yako. Lakini kigingi hakisemi ni kitu gani kilichomwagwa pale miaka arobaini iliyopita. Kazi ya kuuliza ni yako.

Usidhani kwamba ukiona majani yamemea basi ardhi ni safi. Majani humea hata juu ya sumu.

Habari ya Owino Uhuru

Mfano mkubwa hauko mbali nasi. Huko Owino Uhuru, karibu na Mikindani, Mombasa, palijengwa kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari ili kupata madini ya risasi. Kilifanya kazi tangu mwaka 2007 hata 2014, katikati ya nyumba za watu. Moshi, vumbi na maji machafu vilitoka kiwandani vikaingia mtaani, na watoto walipopimwa damu ilionekana ina risasi. Bibi Phyllis Omido, aliyekuwa ameajiriwa pale, alisimama pamoja na wakazi wakadai haki. Mwezi wa Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamua walipwe shilingi bilioni 1.3, na tena udongo usafishwe. Kesi ilikatiwa rufani, fidia ikatenguliwa mwaka 2023, na mwezi wa Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha.

Tazama sasa, mkulima. Kiwanda kilifungwa kwa siku moja, lakini risasi haikuondoka pamoja na wafanyakazi. Risasi haiozi, hailiwi na wadudu, wala haioshwi na mvua. Hukaa juu ya udongo, pale pale watoto wanapochezea. Waganga hawajapata kiasi cha risasi katika damu kisichomdhuru mtoto. Humharibu akili kabla mzazi hajaona dalili yo yote.

Jua sumu kwa majina yake

Si kila ardhi iliyoharibika ina sumu. Kule Maumba na Nguluku, uchimbaji wa titani ulioanza mwaka 2013 ulikwisha Desemba 2024. Madini yale hutengwa kwa maji, kwa uzito, kwa sumaku na kwa umeme. Shida kubwa ya mkulima katika mchanga uliokwisha chujwa hivyo ni unyonge: haushiki maji wala mbolea. Dawa yake ni samadi, udongo wa mfinyanzi na mimea ya jamii ya kunde. Hilo ni somo la rutuba.

Sumu zenyewe ni za namna tatu. Ya kwanza ni madini: risasi ya betri na rangi za zamani, na aseniki iliyotumiwa majoshoni kuua kupe. Hizi hazina mwisho. Ya pili ni dawa za wadudu za zamani kama DDT, dieldrini na toksafeni. Hizi huisha polepole mno, na mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001, ambao Kenya imo, umezizuia. Ya tatu ni dizeli na oili chafu ya gereji. Hii ndiyo nyepesi, maana vijidudu vya udongo huila.

Namna ya kuchunguza

Kwanza, uliza. Nenda kwa wazee, kwa waliochunga ng'ombe, na kwa waliokuwa vibarua. Mtu aliyefanya kazi Ramisi kabla ya kiwanda cha sukari kufungwa mwaka 1988 aweza kukuonyesha gereji ilikuwa wapi na matangi yalisimama wapi. Wala usichukue kuuliza kuwa ni kushitaki. Ni kutafuta habari.

Pili, tembea shambani polepole. Tazama mahali pasipoota kitu, udongo mweusi wenye mafuta, vipande vya betri, mikebe ya dawa, na sakafu ya saruji yenye mfereji. Kwenye josho, tazama hasa mahali ng'ombe waliposimama kujichuja maji, na shimo walimotupa tope. Tope la josho huwa na sumu kuliko josho lenyewe.

Tatu, chora ramani kwa kuhesabu hatua. Tia alama kisima, nyumba na mteremko wa maji. Huku Diani chini yetu ni mawe ya matumbawe yenye matundu, na maji hupita upesi hata kisimani.

Nne, chukua sampuli. Tumia beleshi safi na ndoo ya plastiki. Chimba kina cha sentimita 15 mahali kumi ndani ya eneo unaloshuku, changanya, toa kiasi cha nusu kilo, andika jina la mahali na tarehe. Hapa wengi hukosea: usichanganye udongo wa josho na udongo wa shamba zima. Ukichanganya, sumu hujificha ndani ya wingi wa udongo safi, nawe utaambiwa huna shida. Chukua sampuli nyingine mbali, mahali usipopashuku, upate kulinganisha.

Tano, sema wazi unatafuta nini. Kipimo cha kawaida cha mbolea hakitafuti sumu. Andika: "Naomba kipimo cha risasi na aseniki," au "dawa za wadudu." Mkemia wa Serikali ana maabara Mombasa. Ofisi ya kilimo itakuandikia barua. Uliza bei kabla ya kupeleka.

Majibu huja kwa miligramu katika kilo, yaani gramu katika tani moja. Upate kipimo cha kulinganishia, mwaka 2024 Marekani ilishusha kiwango chake cha tahadhari cha risasi katika udongo wa makazi kutoka 400 hadi 200.

Faida ya kupima ni hesabu tu

Ekari moja ina mita za mraba 4,047. Ukitaka kuondoa udongo wa ekari nzima kwa kina cha sentimita 15 ni mita za ujazo 607, yaani tani 800 hivi. Hakuna mkulima awezaye. Lakini kama kipimo kimeonyesha kwamba sumu iko katika mita 10 kwa 10 tu, basi ni mita za ujazo 15, tani kama 20. Hiyo ni kazi ya malori matatu ya tani saba.

Namna ya kusafisha

Oili na dizeli: tandaza udongo mwembamba mbali na kisima, nje ya masika, changanya samadi, nyunyiza maji kidogo na upindue kila juma. Baada ya miezi kadhaa pima tena.

Risasi: chokaa, samadi na mbolea ya fosfeti huishika isiingie upesi katika mimea. Lakini angalia sana! Kwenye josho la aseniki fosfeti na chokaa zaweza kuifungua sumu iteremke majini. Dawa ya sumu moja ni chakula cha nyingine. Ndiyo sababu twapima kwanza.

Penye sumu kali, ama udongo uondolewe na wenye kibali, ama ufunikwe kwa saruji au udongo safi mnene na kuzungushiwa ua. Usijisombee mwenyewe, wala usitupe mtoni. Mukurumudzi hushuka mpaka ghuba ya Gazi, na kule kuna wavuvi wenye watoto kama wako.

Wakati unangoja majibu, usipande mchicha, mihogo wala viazi vitamu pale, kwa maana majani hushika vumbi na mizizi hushika udongo. Kuku wasidonoe pale, sumu huingia mayaini. Minazi na miembe ni afadhali. Watoto wanawe mikono kabla ya kula.

Nani alipe?

Sheria ya Mazingira ya mwaka 1999 yasema aliyechafua ndiye asafishe, na NEMA yaweza kumpa amri ya kurudisha ardhi katika hali yake. Kifungu cha 42 cha Katiba ya 2010 chakupa haki ya mazingira safi. Lakini haki yataka ushahidi. Tunza ramani yako, majibu ya maabara na barua zako pamoja na hati ya shamba. Na kama hujalipia ploti bado, pima kabla ya kulipa.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini udongo wa josho usichanganywe na wa shamba zima?
2. Ni sumu gani huliwa na vijidudu, na ni zipi haziishi?
3. Kwa nini fosfeti yafaa penye risasi na ni hatari penye aseniki?
4. Katika skimu yako, ni nani anayekumbuka josho la zamani lilikuwa wapi? Nenda ukamwulize juma hili, maana wazee hawatungojei.

Karani, Ofisi ya Kilimo, Kwale