Embe la kwanza ni la nani?

Bariadi, mkoani Simiyu, mvua si ya uhakika na ardhi imezoea pamba. Anayepanda mwembe uani kwake huubebea maji ndoo kwa ndoo wakati wa kiangazi, huku akiulinda na mbuzi na mchwa. Ukiwa wa mbegu, si wa kupandikiza, atasubiri miaka mingi. Siku embe la kwanza linapoiva, furaha yake si ndogo.

Swali ni hili: embe hilo ni la nani?

Katika Hadithi iliyopokewa na Abu Hurayra (ra), iliyomo katika Sahihi Muslim, watu walipoona tunda la kwanza walimpelekea Mtume (saw). Alilipokea, akaomba baraka katika matunda yao, mji wao na vipimo vyao, kisha akamwita mtoto mdogo kabisa na kumpa.

Tuzingatie mambo mawili. Kwanza, dua ilitangulia kula. Pili, tunda halikwenda kwa mkubwa wala sokoni, bali kwa mtoto ambaye hakumwagilia hata tone.

Wengi wetu mjini tukianza kuvuna tunafunga geti, na mtoto wa jirani akiokota embe anafukuzwa kwa matusi. Ilhali Mtume (saw) amefundisha kuwa anachokula mtu, ndege au mnyama katika mti alioupanda Muislamu ni sadaka kwake.

Ndugu yangu Muislamu, mwembe wako ukizaa, sema Alhamdulillah, omba baraka, kisha mwite aliye mdogo kuliko wote.

Wabillahi tawfiq.