SOMO LA UNUNUZI: MTAMBO WA KUCHAPA KWA RANGI, MPYA AU ULIOTUMIKA?

Chama kinachofunga kahawa yake katika pakiti, au kinachotoa vitabu vya akiba na kalenda kwa wanachama, hufika siku kikachoka kumlipa mpiga chapa wa mjini. Ndipo hoja huletwa mbele ya Bodi kwamba chama kinunue mtambo wake chenyewe. Hoja hiyo ikipita, huzuka ya pili, nayo ndiyo somo letu: tununue mpya, au uliotumika kwa chini ya theluthi ya bei? Fedha inayozungumzwa imekatwa katika kila kilo aliyoleta mkulima ghalani, kwa hiyo hesabu lazima itangulie.

Mitambo ya kuchapa rangi kwa wingi bila kutengeneza bamba iliingia sokoni mwaka 1993, ilipotolewa ile ya Indigo na ya Xeikon. Mingi ya leo hufanya kazi kwa unga wa rangi nne: samawati, majenta, njano na nyeusi. Kila rangi ina dramu yake; mkanda huipokea picha na kuihamishia kwenye karatasi, kisha sehemu ya joto huuyeyusha unga ukashika. Dramu, mkanda na sehemu ya joto huchakaa kwa idadi ya kurasa. Kwa sababu hiyo umri wa mtambo husomwa kwenye mita yake, wala si kwenye kalenda. Mtambo wa miaka mitatu uliofanya kazi usiku na mchana waweza kuwa mzee kuliko wa miaka saba uliokaa katika ofisi tulivu.

Sasa hesabu. Tarakimu hizi ni za mfano tu. Kila Katibu aweke zake. Tuseme mtambo mpya ni sh. 90,000,000 na utatumika miaka mitano. Uliotumika ni sh. 27,000,000 na utatumika miaka mitatu. Chama kinachapa kurasa 10,000 kwa mwezi. Bei ya mpya ikigawanywa kwa kurasa 600,000 ni sh. 150 kila ukurasa. Bei ya uliotumika ikigawanywa kwa kurasa 360,000 ni sh. 75. Hapa ndipo wajumbe wengi husimamisha hesabu, na kupiga kura.

Lakini tuendelee. Mpya una mkataba wa matengenezo wa sh. 120 kwa ukurasa, unga na vipuri vikiwamo. Jumla ni sh. 270. Uliotumika hauna mkataba: unga ni sh. 90, na vipuri na fundi sh. 100. Jumla ni sh. 265. Tofauti ya shilingi 63,000,000 iliyoonekana mlangoni imebaki shilingi tano kwa ukurasa, na bado hatujahesabu siku ambazo mtambo utalala ukingoja kipuri huku kahawa ikisubiri lebo.

Tupunguze kazi iwe kurasa 3,000 kwa mwezi. Mpya unafika sh. 620 kwa ukurasa, na uliotumika sh. 440. Ikiwa mpiga chapa wa mjini anatoza sh. 400, na karatasi ni ya chama, basi jibu ni kutonunua wowote. Mwandishi wa somo hili anaona kwamba vyama vidogo vingi vitajikuta hapa, na si aibu. Vyama viwili au vitatu vya jirani vikiunganisha kazi zao, hesabu hubadilika.

Chama kikielekea kununua uliotumika, kisikubali kuonyeshwa picha moja nzuri iliyokwisha kuchapwa. Fundi asiyelipwa na muuzaji aende na karatasi za chama, zikiwamo zile nzito za lebo, achape mia kadhaa mfululizo. Achape pia ukurasa mzima wa kila rangi peke yake. Mistari na mabaka yataonekana hapo. Doa linalorudi kwa umbali ule ule kila mara kwa kawaida hutoka katika dramu au gurudumu lililoharibika. Mtambo wenyewe utoe taarifa ya mita, kurasa za rangi na za nyeusi zikitengwa.

Yako mambo ambayo jicho halioni. Kompyuta inayouongoza mtambo ina leseni na nywila. Bila hizo mnunuzi amebeba chuma. Baadhi ya watengenezaji huweka alama katika mikebe ya unga, hata mtambo ulioletwa kutoka bara jingine ukaukataa unga unaouzwa hapa. Umeme wetu ni volti 230, basi bamba la volti lisomwe kabla ya malipo. Tena muuzaji aulizwe kwa barua: je, mtengenezaji bado anatoa vipuri vya aina hii, na hadi lini? Jibu la mdomo lisipokewe.

Mpya nao una mitego yake. Mkataba waweza kudai kiwango cha chini cha kurasa kila mwezi, zichapwe zisichapwe, na ukurasa wa A3 waweza kuhesabiwa mara mbili. Na ikiwa fundi wa mkataba yuko mbali mwendo wa siku mbili, faida ya mkataba imepungua sana.

Ununuzi wa mkopo uangaliwe pia dhidi ya ukomo wa madeni uliopitishwa na Mkutano Mkuu.

Maswali ya kujadili katika kikundi:

Chama chetu kilichapa kurasa ngapi za rangi mwaka uliopita, kwa mujibu wa hati za malipo? Ni ngapi kati ya hizo zingetosha kwa wino mweusi? Fundi wa karibu anayeweza kufungua mtambo huu anakaa wapi?