Kuchelewa kwa Ujenzi na Haki ya Fidia

Katika mambo yanayowagombanisha Waislamu wa mji wetu huu wa Mombasa ni mapatano ya ujenzi. Watu wawili husimama safu moja msikitini, mmoja mwenye nyumba na wa pili fundi. Hupatana kwa maneno matupu, wakapeana mikono na kusoma Fatiha. Baada ya mwaka nyumba haina paa, fedha zimekwisha, na wawili hao hawaitikiani salamu. Kila mmoja adai fidia, wala hajui haki yake ni ipi.

Tutazame mfano. Mtu wa Mji wa Kale ataka kubadilisha boriti za ghorofa yake. Wapatana na fundi miezi sita, na washartiana kuwa atakayechelewesha atalipa fidia. Kazi yachukua miezi kumi: miwili ya kungojea idhini, mmoja mwenye nyumba hakutoa fungu la fedha, na mmoja fundi alikwenda kushika kazi nyingine Likoni. Muda wote huo mwenye nyumba amepanga kwingine kwa shilingi 20,000 kwa mwezi. Sasa adai 80,000, na fundi naye adai nyongeza kwa fungu lililochelewa. Nani mwenye haki?

Kwanza, ile miezi miwili. Mji wa Kale umehifadhiwa kwa sheria tangu mwaka 1990, na hairuhusiwi kubadilisha jengo bila ya idhini. Basi ikiwa fundi hakujitwika kazi ya kuitafuta idhini hiyo, huo ni udhuru wala halipi kitu. Ni kama mwaka 2018, Serikali ilipopiga marufuku ukataji wa miti katika misitu ya umma, mikoko ya Lamu ikiwamo. Aliyekosa boriti kwa amri ile hakudhulumu mtu.

Pili, mwezi wa Likoni. Hapa fundi ana jukumu. Imamu Bukhari amepokea kuwa Kadhi Shuraihi alihukumu kuwa mwenye kujiwekea sharti kwa hiari yake, bila ya kulazimishwa, sharti lile lamlazimu. Na Baraza la Fiqhi la Kimataifa, katika kikao chake cha Jeddah mwaka 1992, lilijuzisha sharti la fidia katika istisnaa, yaani mapatano ya kutengenezewa kitu, isipokuwa pakiwa na udhuru usiozuilika. Mwaka 2000, huko Riyadh, likabainisha kuwa kinacholipwa ni hasara ya kweli. Basi fundi atalipa 20,000, kodi ya mwezi mmoja, si 80,000.

Tatu, mwezi wa mwenye nyumba. Fundi ana haki ya kusimamisha kazi, na mwezi huo asihesabiwe. Lakini kuongeza shilingi juu ya deni kwa sababu limechelewa ni riba, hata kama waliandikiana. Na uamuzi wa Riyadh wakataza sharti hilo katika madeni. Wala mwenye nyumba asifurahi kwa hayo! Mtume (s.a.w.) ameuita ucheleweshaji wa mwenye uwezo kuwa ni dhulma, na nyuma ya fundi wako vibarua ambao watoto wao hula kwa ujira wa siku. Dawa yake ni fundi kuchukua rahani au mdhamini tangu mwanzo.

Ndugu zetu, Fatiha ni baraka, lakini haisimami mahali pa karatasi. Aya ya 282 ya Suratul Baqara, iliyo ndefu kuliko zote, yatuamrisha kuandika deni la muda na kushuhudisha. Basi kabla ya jiwe la kwanza andikeni: bei na mafungu yake, siku ya kumaliza, nani atatafuta idhini, udhuru gani utaongeza siku, na fidia ni kiasi gani.

Tena mtajeni msuluhishi mapema. Msidhani mtakwenda kwa Kadhi, kwani Katiba ya mwaka 2010 imempa ndoa, talaka, mirathi na hali ya mtu tu. Madai yasiyozidi shilingi 1,000,000 yaweza kupelekwa Mahakama ya Madai Madogo. Lakini suluhu ya majirani ni bora kuliko hukumu.

Nyumba ikichelewa hujengwa; udugu ukivunjika ni taabu kuunga. Wabillahi taufiqi.