Viatu vya Theluji na Kwato za Nzohe

Mwanafunzi wa Bangwe aweza kumaliza shule bila kuiona theluji hata siku moja. Ziwa Tanganyika liko karibu nyuzi 5 tu kusini ya Ikweta, mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari. Hata hivyo, tatizo la mtembea thelujini ni lile lile la mtu anayekanyaga mchanga mkavu wa ufuko wetu: kwa nini mguu unazama?

Nilipokuwa masomoni Kanada, nilitoka asubuhi moja kutazama ziwa lililoganda. Hatua ya tatu nikazama hadi mapajani. Mzee mmoja, mnene kunishinda, akanipita akitembea juu ya theluji ile ile. Miguuni alifunga viatu vya theluji: fremu pana ya mbao iliyopindwa, iliyosukwa ndani kwa kamba za ngozi mbichi. Wenyeji wa asili wa Amerika ya Kaskazini walivitumia karne nyingi kabla ya Wazungu kufika. Siku hizi vingi ni vya alumini na plastiki.

Kila ninapouliza darasani siri ya viatu hivyo, hujibiwa kuwa "hupunguza uzito". Sivyo! Huuongeza, kwa kuwa navyo vina uzito wake. Kinachopungua ni kanieneo, na istilahi yenyewe yatufundisha: kani igawanywe kwa eneo.

Tuchukue mtu wa kilo 65, yaani uzito wa niutoni 650 hivi. Anapoinua mguu mmoja, unyayo uliobaki una eneo la meta mraba 0.02 hivi. Kanieneo ni 650 ÷ 0.02, yaani paskali 32,500. Sasa avae viatu vya kilo 2, kila kimoja kikiwa na eneo la meta mraba 0.16. Uzito wapanda hadi niutoni 670, lakini kanieneo chashuka hadi paskali 4,190 hivi, karibu sehemu moja ya nane. Bado atazama, ila kidogo.

Mbona basi kiatu kina matundu? Theluji ya chini hushindiliwa, chembe zake zikashikana na kubeba kamba. Ile inayoangukia juu hupenya, isirundikane na kuulemea mguu.

Hapa kwetu maumbile yalitangulia. Katika mabwawa ya Malagarasi–Muyovozi, yaliyoingizwa katika orodha ya Mkataba wa Ramsar mwaka 2000, huishi nzohe, mnyama wa jamii ya pongo. Kwato zake ni ndefu na hutanuka, hata akapita juu ya mafunjo yaliyolala na matope laini. Kwenye ardhi ngumu kwato hizo humtatiza, kama vile viatu vya theluji vingemtatiza mtu barabarani.

Kwa sababu hiyo hiyo, aliyenaswa matopeni asisimame wima akipigana na tope. Aegemee nyuma, atandaze mwili, kisha auchomoe mguu mmoja mmoja polepole.

Darasa lichukue kigoda hadi ufukoni. Kisimamishwe kwa miguu yake juu ya mchanga mkavu, kiwekewe jiwe zito, na kina cha kuzama kipimwe kwa rula. Kisha kigeuzwe, kikalio kiwe chini, na jiwe lile lile liwekwe juu yake.

Zoezi: Mvuvi wa niutoni 700 alaza ubao wa niutoni 120, wenye urefu wa meta 2 na upana wa meta 0.3, juu ya tope linaloweza kuhimili paskali 3,000. Je, atazama? Na jibu lako litabadilikaje ikiwa ubao ni mwembamba, ukapindika chini ya miguu yake?