Reginald Mengi na Nafasi ya Kiswahili katika Utangazaji wa Kibiashara Tanzania Bara

1.0 Utangulizi
Historia ya utangazaji Tanzania Bara aghalabu husimuliwa kwa kufuata serikali na sheria zake. Makala haya yanaitazama kupitia maisha ya mfanyabiashara Reginald Abraham Mengi, mwanzilishi wa ITV na Radio One. Hoja ya msingi ni kwamba utangazaji wa kibiashara ulistawi juu ya hadhira ya Kiswahili iliyokwisha kuandaliwa na redio ya umma.

2.0 Kutoka Uhasibu hadi Utangazaji
Mengi alizaliwa Machame, Kilimanjaro, katika miaka ya 1940, kwenye familia maskini. Alisomea uhasibu Uingereza, akarejea nchini na hatimaye kuwa mwenyekiti wa Coopers & Lybrand Tanzania, alikodumu hadi 1989. Katika miaka ya 1980, bidhaa zilipoadimika, alianza kuunganisha bolpeni nyumbani kwake. Kutokana na shughuli hiyo ndogo ilikua kampuni ya IPP.

Wakati huo redio ya Bara ilikuwa mikononi mwa serikali tangu 1965. Zanzibar ilikuwa na televisheni tangu 1973, ilhali Bara haikuwa nayo. Mfumo wa vyama vingi uliporejeshwa mwaka 1992, na sheria ya utangazaji ya 1993 ilipowaruhusu watu binafsi kumiliki vituo, mlango ulifunguka. ITV na Radio One zilianza kurusha matangazo mwaka 1994.

3.0 Hadhira Iliyorithiwa
Katika magazeti yake Mengi aliligawa soko kwa lugha: The Guardian kwa Kiingereza na Nipashe kwa Kiswahili. Katika utangazaji mgawanyo huo haukuwa na tija, kwani mwenye bidhaa hulipia tangazo kwa kuzingatia wingi wa wasikilizaji, na lugha iliyowafikia wengi ilikuwa Kiswahili.

Wingi huo haukuzuka wenyewe. Radio Tanzania Dar es Salaam ilikuwa imewazoesha wananchi kupata habari, michezo na mafunzo kwa Kiswahili. Kampeni za Mtu ni Afya (1973) na Chakula ni Uhai (1975) ziliwakusanya watu katika vikundi vya kusikiliza redio. Kwa hiyo mfanyabiashara hakuiumba hadhira, bali aliirithi. Kilichobadilika ni uhusiano: aliyekuwa raia wa kuelimishwa sasa alikuwa pia mteja wa kushawishiwa.

4.0 Hitimisho
Mengi alifariki Dubai tarehe 2 Mei 2019. Maisha yake yanadhihirisha kuwa mtaji binafsi unaweza kukipanulia Kiswahili uwanja bila kuwa na nia ya kukiendeleza. Hata hivyo, lugha inayolindwa na hesabu ya faida hubaki salama kadiri hesabu hiyo inavyoiunga mkono. Wataalamu wanaochunguza usanifu wa Kiswahili cha watangazaji hawana budi, basi, kuchunguza pia ni nani anayemiliki kituo na ni nani anayelipia matangazo yake.