Mdogo Humtazama Mkubwa

Wazee wetu husema, "Samaki mkunje angali mbichi." Maana yake ni kwamba tabia hufunzwa utotoni, kabla mtu hajakauka katika mazoea yake. Watu wengi hudhani kwamba kazi hiyo ni ya baba, mama na mwalimu peke yao. Sivyo. Ninyi wanafunzi wa madarasa ya juu nanyi ni walimu, kwa kuwa nyumbani mna wadogo zenu, na shuleni wamo watoto wa darasa la kwanza wanaowatazama mchana kutwa.

Mwaka 1961 mtaalamu mmoja, jina lake Albert Bandura, pamoja na wenzake, walitangaza habari za uchunguzi wao juu ya watoto wadogo 72 katika Chuo Kikuu cha Stanford, nchi ya Marekani. Watoto waligawanywa mafungu matatu, kila fungu watoto 24. Wa fungu la kwanza walimwona mtu mzima akimpiga mwanasesere mkubwa kwa ngumi na kwa nyundo ya mti, huku akisema maneno makali. Wa fungu la pili walimwona mtu mzima akicheza kwa upole, asimdhuru mwanasesere. Wa fungu la tatu hawakuonyeshwa mtu. Baadaye kila mtoto alipelekwa katika chumba chenye vitu vya kuchezea, na mwanasesere yumo. Wale wa fungu la kwanza walimpiga kwa namna ile ile kuliko wenzao, tena baadhi yao waliyarudia hata maneno. Hapana aliyewaamuru, macho yao ndiyo yaliyowafundisha.

Basi, fikirini. Mama akuitapo nawe ukanuna, mdogo wako yu mlangoni anasikia. Kesho atanuna yeye, nawe utamkaripia; lakini alijifunza kwa nani? Ukimcheka mtoto mgeni shuleni kwa matamshi yake au kwa nguo yake iliyotatuka, wadogo watamcheka pia. Huenda mtoto yule akaichukia shule, akaiacha kabisa.

Je, mtu afanyeje? Kwanza, tenda wewe lile utakalo mdogo wako alitende. Pili, akifanya vema msifu papo hapo, na tendo lenyewe ulitaje: "Umefanya vizuri kuufunika mtungi wa maji." Hivyo atajua ni lipi lililopendeza, naye atalirudia. Tatu, akivunja chombo akaja mwenyewe kukuambia, usimpige wala usimwaibishe. Akipata kipigo kwa kusema kweli, mara ya pili atavificha vigae na kusema uongo. Okoteni vigae pamoja, kisha fuatana naye kwa mama, aeleze kwa kinywa chake.

Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto, uliopitishwa mwaka 1990, hautaji haki za watoto tu, bali na wajibu wao pia: kuwaheshimu wazazi na wakubwa, na kuwasaidia wanapohitaji msaada. Mtoto anayemwongoza mdogo wake vema amewasaidia wazazi wake kazi iliyo kubwa kuliko kuteka maji.

Maswali
1. Watoto wa fungu la kwanza walijifunzaje kupiga?
2. Kwa nini yafaa kulitaja tendo unapomsifu mtoto?
3. Mtoto apigwaye kwa kusema kweli hujifunza nini?
4. Taja jambo moja ambalo mdogo wako ameliiga kwako.