Sufuria ya Alumini na ya Chuma cha Pua: Ipi Inafaa Nyumbani?

Katika nyumba za Kenya, mjini na mashambani, hakuna chombo kinachofanya kazi nyingi kuliko sufuria. Asubuhi huchemshiwa chai, mchana hupikiwa githeri au maharagwe, na jioni husongewa ugali. Kwa kuwa chakula cha jamaa nzima hupita humo kila siku, yafaa mwenye nyumba ajue sufuria yake imefanywa kwa madini gani, na madini hayo yana tabia gani yakikutana na moto na chakula.

Neno sufuria lenyewe limetokana na neno la Kiarabu lenye maana ya shaba, kwa maana zamani vyombo hivyo vilifanywa kwa shaba. Siku hizi aina mbili ndizo zinazoonekana zaidi madukani. Ya kwanza ni ile nyepesi ya alumini. Ya pili ni ya chuma cha pua kisichoshika kutu, ambayo wenye maduka huiita stenlesi. Baadhi ya watu husema kwamba alumini yote ni sumu. Wengine husema kwamba stenlesi ni fahari tu ya wenye fedha. Maneno hayo yote mawili yana kosa ndani yake.

TABIA YA ALUMINI

Alumini hutolewa katika udongo uitwao boksiti. Ingawa iko kwa wingi sana ardhini, ilikuwa vigumu kuitenga, hata mwaka 1886 Charles Hall wa Marekani na Paul Héroult wa Ufaransa, kila mmoja peke yake, walipovumbua njia ya kuitoa kwa nguvu za umeme. Tangu hapo bei yake ilishuka, ikawa madini ya watu wote.

Alumini ina sifa mbili zinazompendeza mpishi. Kwanza, ni nyepesi, kwani uzito wake ni kama theluthi moja tu ya uzito wa chuma cha ukubwa ule ule. Pili, hupitisha moto upesi sana, hata joto la makaa huenea kitako kizima na chakula huiva sawasawa. Kwa ajili hiyo makaa na kuni hupungua matumizi.

Alumini ikikutana na hewa hujifunika mara moja kwa utando mwembamba usioonekana kwa macho. Utando huo ndio ngao yake. Lakini ngao hiyo ina adui wawili. Adui wa kwanza ni uchachu, kama ule wa nyanya, ndimu, ukwaju, siki na maziwa lala. Adui wa pili ni magadi, ambayo wapishi wengi hutia katika maharagwe na mboga za kienyeji ili zilainike. Vitu hivyo hula utando, na alumini kidogo huingia katika chakula.

Dalili yake mpishi anaweza kuiona mwenyewe. Sufuria iliyochemshiwa maji kwa siku nyingi huwa nyeusi ndani. Akipika nyanya humo kwa muda mrefu, weusi ule hutoweka na sufuria hung'aa. Weusi huo haukwenda mahali pengine. Umeingia katika mchuzi.

TABIA YA CHUMA CHA PUA

Chuma kisichoshika kutu kilijulikana sana baada ya kazi ya Harry Brearley, aliyekuwa akitafuta chuma cha kufaa mitutu ya bunduki huko Sheffield, Uingereza, mwaka 1913. Alichanganya chuma na madini ya kromi, akaona kwamba mchanganyiko huo haukuliwa na siki wala maji ya ndimu. Kromi ndiyo inayofanya utando wa kukinga chuma, na lazima ipate sehemu 10 na nusu au zaidi katika kila mia. Sufuria nyingi nzuri zina sehemu 18 za kromi na sehemu 8 au 10 za nikeli katika kila mia. Ndiyo sababu nyingine zimeandikwa kitakoni 18/8 au 18/10.

Utando wa chuma hiki ni imara kuliko ule wa alumini mbele ya uchachu na magadi. Hata hivyo chombo hiki kina upungufu wake. Ni kizito, bei yake ni kubwa, na hupitisha moto polepole sana. Kwa hiyo sufuria nyembamba ya stenlesi juu ya jiko la makaa huunguza maziwa na uji mahali palipo na moto mkali. Viwanda vingine huondoa tatizo hili kwa kutia tabaka ya alumini ndani ya kitako. Tena, nikeli kidogo inaweza kuingia katika chakula chenye uchachu kinachopikwa muda mrefu, hasa chombo kikiwa kipya. Kwa watu wengi jambo hili si neno, lakini mtu ambaye ngozi yake huwashwa na nikeli yampasa aangalie.

JE, ALUMINI NI SUMU?

Mtu mwenye afya hutoa kwa njia ya mafigo karibu alumini yote inayoingia mwilini mwake. Kamati ya wataalamu ya Shirika la Afya Duniani na Shirika la Chakula na Kilimo iliweka kipimo mwaka 2011: miligramu 2 kwa kila kilo ya uzito wa mtu kwa juma moja. Kwa mtu wa kilo 60, hiyo ni miligramu 120 kwa juma. Kupika wali, ugali au chai katika sufuria nzuri ya alumini huongeza kidogo tu. Wasiwasi kwamba alumini ya vyombo huleta ugonjwa wa kusahau wa wazee umekuwako tangu miaka ya 1960, lakini haujathibitishwa. Mgonjwa wa mafigo ni shauri lingine. Mwili wake hauwezi kuitoa vizuri, na yafaa aepuke kupikiwa vyakula vya uchachu katika alumini.

HATARI KUBWA NI RISASI

Iko hatari iliyo kubwa kuliko hiyo, nayo haitokani na alumini yenyewe. Sufuria nyingine hufanywa kwa kuyeyusha vyuma chakavu vya kila namna, kama vipande vya injini, rejeta za magari na vyombo vya umeme vilivyoharibika. Vyote huchanganywa katika chungu kimoja cha moto, na mara nyingi huwamo madini ya risasi. Fundi anayeyamimina hana njia ya kuyaona, wala mnunuzi hana.

Mwaka 2017 wataalamu walitangaza matokeo ya kupima vyombo 42 vya alumini kutoka nchi 10 za Afrika, Asia na Marekani ya Kati, zikiwamo Kenya na Tanzania. Walivichemsha kwa maji yenye uchachu kama wa siki. Yapata theluthi moja ya vyombo hivyo vilitoa risasi ya kutosha kuleta madhara. Hii haina maana kwamba kila sufuria sokoni ni mbaya, bali kwamba ubaya upo na hauonekani. Mwaka 2025 wakuu wa chakula na dawa wa Marekani nao waliwaonya watu wao juu ya vyombo fulani vya alumini na vya shaba nyeupe vilivyotoka nchi za nje, kwa sababu vilitoa risasi.

Risasi haina harufu wala ladha. Hukaa mifupani kwa miaka mingi, na kutoka kwa mama mja mzito huweza kumfikia mtoto tumboni. Mtoto mdogo huipokea mwilini mara 4 au 5 kuliko mtu mzima, nayo hudhuru ubongo wake, akawa mzito wa kujifunza. Shirika la Afya Duniani limesema kwamba hakuna kiasi cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Mzazi anaweza kumlaumu mtoto kuwa mvivu shuleni, kumbe ubongo wake umedhuriwa.

KUNUNUA KWA BUSARA

Basi swali la kwanza dukani lisiwe, "Ni alumini au ni stenlesi?" bali, "Madini haya yametoka wapi?" Sufuria iliyofanywa kwa bamba safi la kiwanda huwa na unene ulio sawa na uso laini. Ile iliyomiminwa kwa vyuma chakavu mara nyingi ni nene, ina uso wa chengachenga na vitundu vidogo, na haina jina la mtengenezaji. Mnunuzi atafute jina la kiwanda na alama ya Shirika la Viwango la Kenya. Sumaku si shahidi wa kutegemewa, kwa kuwa haivuti alumini, na stenlesi huvuta nyingine na nyingine haivuti.

Chombo kilichotoboka kisha kikazibwa kwa lehemu kisipikiwe tena, kwa maana lehemu ya kawaida mara nyingi ina risasi. Wala kuchemsha au kusugua hakuwezi kuiondoa risasi iliyomo ndani ya madini ya sufuria.

Jamaa isiyo na fedha za kununua vyombo vyote vya stenlesi haina haja ya kusikitika. Inunue sufuria moja tu ya stenlesi, ya kiasi cha kati, iwe ya mchuzi wa nyanya na vyakula vya magadi. Chungu kizuri cha udongo kisichopakwa rangi ndani chaweza pia kufanya kazi hiyo. Kazi nyingine ziachiwe alumini nzuri.

MAMBO YA KUKUMBUKA

1. Vyakula vya uchachu na vya magadi visipikwe muda mrefu katika alumini, wala visilazwe humo usiku kucha. Vihamishiwe katika bakuli la kauri au la kioo.

2. Sufuria mpya ya alumini ioshwe, kisha ichemshiwe maji mara mbili tatu na kumwagwa kabla ya kupikiwa.

3. Ndani ya sufuria ya alumini pasisuguliwe kwa mchanga, majivu wala nyuzi za chuma. Kung'aa kunasifiwa na majirani, lakini kila msuguo huondoa utando na madini pia. Sabuni na kitambaa vyatosha, na weusi wa maji hauna madhara.

4. Katika stenlesi, chumvi itiwe maji yakiisha kuchemka. Chumvi ikilala kitakoni katika maji baridi hutoboa vitundu. Dawa ya klorini isitumiwe kuisafisha.

5. Sufuria isiyojulikana ilikotoka isipikiwe chakula cha watoto, hata ikiwa rahisi namna gani. Itumiwe kwa kazi nyingine, kama vile kuchotea maji ya kufulia.